Kibuyu Kisichoonjwa

Inspekta Cassien alikuwa na suruali moja ya kijivu yenye mkunjo wa pasi ambao ungeweza kukata mkate, na ndiyo aliyovaa Jumatatu ile kupandia kilima cha shule ya masera, watawa wa kike, upande wa Ndera. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Gari la polisi lilikwama njiani, na aliyeshuka kusukuma ni yeye, kwa sababu dereva alisema lazima mmoja abaki kwenye usukani, na huyo mmoja awe anayejua kuendesha. Alipofika getini mkunjo ulikuwa umekwisha, na matope yalikuwa yamempanda hadi magotini.

Kwa hiyo aliingia akiwa na hasira, na mtu mwenye hasira huanza kazi mwishoni.

"Mshitakiwa yuko wapi?"

Hakuuliza kilichotokea. Animatrisi, yule mwanamke anayechunga mabweni na kunusa mashuka ya wasichana kila asubuhi, akamwongoza hadi ghala la kuni. Ndani alikaa mwanamke wa makamo juu ya gogo. Kitenge chake kilikuwa kimefuliwa mpaka maua yakasahau rangi. Pembeni yake palikuwa na kibuyu kirefu, kimezibwa kwa jani la mgomba. Alipomwona mtu wa serikali akasimama.

"Jina?"

"Mukabalisa."

"Leta mikono."

Akaitoa mwenyewe. Inspekta akaifunga kwa kamba ya katani pale pale mlangoni, wasichana wakichungulia kwenye madirisha ya madarasa, na fundo alilikaza kama anayepeleka mbuzi mnadani. Kabla jua halijashuka angetamani kamba ile aifungue bila kuonwa na jicho lolote. Lakini tusimkimbize. Bado ilikuwa asubuhi, na alijipenda sana.

Mama Mkuu, Masera Daphrose, alimpokea ofisini. Alikuwa mtawa mnene, mpole, mwenye tabia ya kuzungusha pete yake akisema jambo asilolipenda.

"Nieleze kwa kifupi, Mama Mkuu."

"Kwa kifupi, nimepata aibu."

"Hiyo haina nafasi kwenye ripoti yangu."

"Ingekuwa nayo, ripoti zingekuwa za kweli zaidi," akasema, kisha akaeleza. Jana ilikuwa Jumapili ya wazazi. Mwanamke yule huja kila Jumapili ya namna hiyo akijiita shangazi wa mwanafunzi mmoja, Kaliza, ila hakai uwanjani na wazazi wengine. Hupitia nyuma, kwenye kamba za kuanikia nguo. Jana animatrisi akamfuata.

Animatrisi hakuweza kungoja zamu yake. "Niliwakuta wasichana watano wamekaa duara, afande, na yeye katikati kama malkia. Akafungua kibuyu cha bushera, kile kinywaji cha mtama. Akampa Kaliza. Na hakuonja!"

"Una hakika?"

"Kwa macho yangu haya! Kibuyu kimetoka mkononi kwake kikaenda moja kwa moja mdomoni kwa mtoto. Hakupiga hata funda."

Inspekta akaacha kuandika. Katika nchi ile, kuanzia kwa mkubwa mwenye gari hadi kwa mzee mwenye kiraka, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ndipo akukabidhi. Asipoonja, basi ama anataka kukuua ama hana adabu, na wengi wangemsamehe kwa lile la kwanza.

"Halafu?"

"Kaliza akanywa, akawapitishia wenzake. Jioni, kwenye rozari, mmoja wao, Umutoni, akaanguka katikati ya Salamu Maria. Akatapika maji ya kijani mbele ya altare. Sasa yuko zahanati, ametundikiwa maji."

"Wale wanne wengine?"

"Wazima. Wamekula maharage ya asubuhi wakaomba nyongeza." Alisema kana kwamba uzima wao nao ni kosa. Kisha akateremsha sauti. "Ni chama, afande. Chama cha siri. Nimewavua soksi wote watano. Kila mmoja ana uzi wa katani kwenye kifundo cha mguu. Wanajiita Wasangiji, yaani wanaokunywa chombo kimoja."

"Wanafanya nini?"

"Wangekuwa wanasema, kisingekuwa cha siri."

Mama Mkuu akazungusha pete. "Bwana Clovis, baba yake Kaliza, ameshapiga simu. Ni mkubwa wizarani, na ndiye aliyetujengea maabara. Anasema Kaliza hana shangazi wa namna hiyo. Anasema huyu ni kichaa, au ni mpelelezi wa wale wanaopigana kaskazini. Atakuja alasiri na gari la usalama limchukue."

"Kichaa au mpelelezi? Kipi?"

"Alisema chochote kitakachokuwa rahisi kwako."

Inspekta alilijua gari lile. Tangu vita vianze, waliopandishwa humo hawakurudi kusimulia kama viti vyake ni laini. Na mkuu wake pia alikuwa amemwambia amalize kabla ya alasiri. Akaamua kumaliza.

"Mtoto ana mama?"

"Marehemu. Bwana Clovis alikuwa mgane siku nyingi, maskini, ndipo akaoa tena. Ndoa ya kanisani. Mimi nilikaa kiti cha mbele." Pete ikazunguka tena. "Misa ya kumwombea marehemu nayo tuliifanyia hapa kwetu. Kwaya ililia."

Kwa kuwa ofisi ilikuwa na simu isiyonyamaza, Kaliza aliletwa kwenye chumba cha majembe, kilichopakana na ghala la kuni kwa ukuta wa mbao. Msichana mrefu, shingo nyembamba, soksi zimevutwa hadi karibu na magoti ingawa hakukuwa na baridi.

"Kaa."

"Nitasimama, afande."

"Yule mwanamke ni nani wako?"

"Si mtu."

"Mimi nimefunga mikono ya mtu. Ni nani wako?"

"Analeta bushera tu. Nilimwita shangazi kwa heshima."

"Jana nani alikunywa kwanza?"

"Mimi."

"Yeye alionja?"

"Hapana."

"Na ukanywa hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

"Hukuogopa?"

Msichana akainua macho, akamtazama kama aliyeulizwa iwapo anaogopa kitanda chake. "Niogope nini?" Halafu akajikamata. "Nilikuwa na kiu."

"Mama yako alizikwa wapi?"

Swali hili Inspekta alilitupa tu, kama mtu anayetikisa mti akipita. Kaliza akainama kurekebisha soksi ambayo haikuharibika.

"Baba ndiye anajua."

"Hujawahi kupelekwa kaburini?"

"Ni mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali tu. Yule mwanamke simjui, afande. Mama yangu alikufa. Andika hivyo, halafu niende darasani." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko chumba kilivyohitaji. Upande wa pili wa ukuta, gogo lililia kidogo, kama mtu aliyekaa juu yake amegeuka.

Inspekta akaandika. Kisha akaenda kwenye kamba za nguo, animatrisi akimfuata na mwavuli ambao alijifunika peke yake.

Palikuwa na karo la kufulia na jiwe bapa la kupigia nguo. Mvua ilikuwa imeosha kila kitu, isipokuwa ubavu wa jiwe uliokuwa chini ya paa. Hapo palikuwa na doa la kijani, kama mtu aliyesaga majani kwa jiwe dogo. Alinusa. Akafuata harufu hadi kwenye ua wa shule. Kichaka kimoja kilikuwa kimechunwa hadi kikabaki vijiti.

"Umuravumba," animatrisi akasema. "Masera muuguzi aliupanda. Dawa ya homa."

Ni jani chungu, kila bibi analo nyuma ya nyumba. Inspekta alinyweshwa sana utotoni kwao Biryogo, na mpaka leo akisikia harufu yake tumbo lilimkumbuka bibi yake bila upendo. Akapapasa kwenye nyasi kwa ncha ya kiatu, kwa kuwa kiatu kilikuwa kimeharibika tayari, akapata kikombe cha plastiki cha shule. Ndani kulikuwa na masalia ya kijani. Chini yake, kwa msumari wa moto kama wasichana wote wanavyofanya ili wasiibiane, palichorwa: UMUTONI.

Animatrisi akapiga makofi. "Si unaona! Alijua amelishwa sumu, akanywa umuravumba ili aitapike!"

"Na wenzake wanne waliokunywa kibuyu kile kile, mbona hawakutaka kutapika?"

"Labda wao ndio washirika."

"Washirika wanaokunywa sumu yao wenyewe, halafu wanaomba nyongeza ya maharage."

Animatrisi akafunga mwavuli kwa hasira, akakumbuka mvua, akaufungua tena.

Inspekta akarudi ghalani peke yake. Mukabalisa hakungoja kuulizwa.

"Afande, andika kwamba ni mimi. Nimemtilia yule mtoto sumu. Twende."

"Sumu gani?"

"Sumu tu."

"Zina majina."

"Ile inayoua."

"Umutoni hajafa."

Mwanamke akafikiri. "Basi ile inayoua polepole."

Inspekta, ambaye hakuwa mjinga ingawa alipenda kujivika ujinga wa haraka, akageuza ndoo akaikalia. Tangu aanze kazi hajawahi kukutana na mlishaji sumu aliyehitaji kusaidiwa kuchagua sumu. Akatazama kibuyu.

"Kumebaki kitu humo?"

"Kidogo."

"Nina kiu."

"Wewe si umesema kuna sumu?"

"Wewe ndiye umesema."

Akamlegezea kamba. Mukabalisa akatoa jani la mgomba, akamimina bushera kwenye kikombe cha bati kilichokuwa juu ya kuni. Akakipeleka mdomoni mwake kwanza, akapiga funda, akameza wazi wazi ili aonekane akimeza, akafuta ukingo kwa pembe ya kitenge, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hayo yote hakuyafikiria. Mikono ilijiendea, kama miguu inavyojiendea njia ya kisimani.

Inspekta akanywa kikombe chote. Ilikuwa tamu, imechachuka kidogo tu. Akakiweka chini polepole.

Na hapo, badala ya kunyamaza, akafanya kosa la watu wenye akili na wasio na wa kuwasikiliza nyumbani. Akasimama, akatia mikono mifukoni, akaeleza.

"Wewe una adabu. Mimi adui yako, nimekufunga, na bado umenionjea. Kwa hiyo jana hukusahau. Jana hukuonja kwa sababu hapakuwa na haja. Mtu humwonjea mgeni. Humwonjea jirani. Humwonjea hata shemeji. Lakini hakuna mama anayeonja kinywaji mbele ya mwanawe ili kumhakikishia hakumtilia sumu. Na mtoto hangoji. Kaliza alipokunywa ndiye aliyewaonjea wenzake, kwa niaba ya nyumba yao. Animatrisi ameona mauaji. Alichokiona ni mama na mtoto." Akainua kidole. "Wewe ni mama yake Kaliza."

Ilikuwa hotuba nzuri. Mukabalisa aliisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa, na hakuna neno hata moja lililompita.

"Usiseme, afande. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Kaliza alikuwa na miaka minne nilipozaa wa pili. Wa pili hakukaa. Kichwa changu kikaondoka naye. Walinipeleka hospitali ya vichaa pale Ndera, wakanitunza, kikarudi. Siku ya kutoka niliketi kwenye benchi na mzigo wangu magotini. Hakuja mtu. Nikauliza kwa watu wa kwetu, wakashtuka kuniona. Wakaniambia nimeshaombewa misa."

"Na hukwenda kwake?"

"Niende niseme nini? Kwamba marehemu ameomba kuingia ndani?" Akacheka kidogo, kwa pua. "Nalima kwa watu hapa chini. Niliposikia mtoto ameletwa shule hii nikaja kumtazama kwenye ua. Yeye ndiye aliyesogea. Wenzake wakaapa kumficha. Hicho ndicho chama chao, afande. Kukaa duara ili nisionekane."

Inspekta akatazama viatu vyake.

"Leo asubuhi amekukana. Umesikia."

"Nimesikia. Amefanya vizuri. Akinikubali anakuwa mtoto wa kichaa, na baba yake anakuwa muongo mbele ya altare. Atasoma wapi? Nani atamwoa? Nipeleke mimi."

"Gari lile si la hospitali."

"Najua ni gari gani."

Akatoa mikono tena, iliyofungwa, kama anayemkumbusha kazi yake. Inspekta akakaza kamba, safari hii kwa aibu, na fundo likawa baya, la mtu asiyejua kufunga. Lakini akalifunga. Taratibu ni taratibu.

Zahanati ya shule ilikuwa chumba cheupe chenye vitanda na msalaba mkubwa. Umutoni alikuwa na uso wa rangi ya jivu. Inspekta akaweka kikombe cha plastiki juu ya shuka.

"Ulisaga mwenyewe?"

Msichana akageukia ukutani.

"Umutoni, mama yake Kaliza atachukuliwa leo alasiri."

Kichwa kikageuka haraka. "Nani amekuambia? Sikusema mimi!"

"Sikusema umesema wewe."

Basi akalia. Muuguzi akataka kuingilia, Inspekta akamzuia kwa mkono. Maneno yakatoka kipande kipande. Wasichana wote watano walikuwa wamekunywa kiapo, igihango kama cha wazee, wote kutoka kibuyu kimoja: atakayetoa siri, kile alichokunywa kitamgeukia tumboni hadi afe. Na yeye alikuwa ameitoa.

"Jana nilipokunywa tena kibuyu kile niliogopa, nikataka kukitapika kiapo, afande. Kilichokuwa tumboni kitoke kabla hakijaniua. Nilisaga mengi. Nikamaliza kikombe, nikasaga tena."

Hivyo ndivyo alivyokaribia kufa kwa dawa, akikimbia sumu ambayo haikuwepo.

"Siri uliitoa kwa nani?"

Akavuta shuka hadi puani. "Kwa baba yake. Alikuja wiki iliyopita kumletea Kaliza godoro. Nilibeba mfuko wake. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, 'Baba, usihuzunike tena, mama yake Kaliza amepona, huja Jumapili ya wazazi.' Nilidhani atafurahi."

"Akasemaje?"

"Alifungua gari akanipa pakiti ya biskuti. Akasema nisimwambie Kaliza kwamba anajua."

"Na hukumwambia."

"Nilikula biskuti," akasema Umutoni, na shuka likafunika macho pia. "Nilizila zote peke yangu, chooni."

Bwana Clovis aliwasili kabla ya wakati wake, kama wafanyavyo watu wenye haraka ya mambo kwisha. Suti ya buluu, miwani, sauti ya kuhutubia. Gari la usalama likasimama nyuma ya gari lake, injini ikinguruma, vijana wawili ndani wakitafuna mua.

Inspekta akawakusanya ofisini kwa Mama Mkuu: baba, mtoto, animatrisi mlangoni, na Mukabalisa aliyeingizwa na kamba yake na kibuyu chake. Bwana Clovis hakumtazama. Alitazama kalenda ya ukutani kwa makini, kama mtu aliyesahau mwaka.

"Umemaliza, Inspekta?"

"Karibu. Hakuna sumu. Umutoni alikunywa umuravumba mwingi. Kikombe hiki hapa, jiwe liko kule, naye mwenyewe amesema."

Animatrisi akajisogeza nyuma ya mlango.

"Vizuri sana," akasema Bwana Clovis. "Basi tunabaki na kichaa aliyeingia shuleni bila ruhusa. Vijana wamchukue."

"Unamfahamu?"

"Nitamfahamia wapi?"

"Kaliza. Wewe je?"

Msichana alikuwa amesimama kati ya baba yake na kabati. Shingo yake ilikuwa imeingia mabegani. "Mama yangu alikufa," akaiambia sakafu.

"Msichana anasema kweli," Mukabalisa akadakia. "Mimi ni mtu wa kupita tu."

Hapo Inspekta akatoa turufu yake. Alikuwa ameipanga tangu zahanati na aliipenda. "Vema. Mama, mgawie msichana bushera iliyobaki. Ulimkaribisha jana, mkaribishe na leo."

Alikuwa na uhakika na mikono ile. Mikono haidanganyi, ndivyo alivyojiambia. Alichosahau ni kwamba mwenye mikono alikuwa ameshapewa somo zima, bure, ghalani.

Mukabalisa akakiinua kibuyu kwa mikono yake iliyofungwa. Akamtazama Inspekta, macho hayakuwa na hasira. Akakipeleka mdomoni mwake. Akapiga funda kubwa, akameza, koo likaonekana likimeza. Akafuta ukingo kwa kitenge, vizuri, pande zote. Kisha akamkabidhi Kaliza kwa mikono miwili, akiinama kidogo, kama mwanamke anayempa kinywaji binti wa watu.

"Karibu, binti," akasema.

Bwana Clovis akapumua. Akavua miwani, akaifuta, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mmeona. Mgeni, kama wageni wote. Ana adabu, hilo simnyimi."

Inspekta alihisi uso unawaka hadi masikioni. Alifikiri amemtegea mtego. Alichofanya ni kumfundisha mama namna ya kumkana mwanawe.

"Pokea, binti," Mukabalisa akasema tena. "Mkono unachoka."

Kaliza hakupokea. Alikuwa akitazama ukingo wa kibuyu, pale paliposalia unyevu.

"Kwa nini umeonja?" akauliza polepole.

"Ndiyo desturi. Pokea."

"Jana hukuonja."

"Jana nilisahau. Pokea, binti wa watu."

"Usiniite hivyo." Sauti ilikatika, ikarudi ikiwa kubwa. "Hujawahi kunionjea! Hata siku ile ya kwanza kwenye ua, hukunionjea. Mimi nimekuwa nani kwako leo? Mama! Mama, mbona unanionjea?"

Neno likatoka, na hakuna aliyeweza kulirudisha. Mukabalisa akafumba macho. Mama Mkuu, aliyekaa kiti cha mbele siku ya ndoa, aliinamia meza mpaka kilemba chake cha utawa kikaficha uso.

"Uliapa," akasema kutoka humo ndani, taratibu. "Uliweka mkono juu ya Injili, Clovis, ukaapa kwamba wewe ni mgane. Nasi tukamwimbia mtu aliye hai wimbo wa wafu."

"Mtoto amechanganyikiwa. Hii ni damu ya..." Bwana Clovis akaiacha hapo, kwa kuwa sentensi ile haikuwa na mwisho mzuri kwake.

Nje, mmoja wa vijana akapiga honi.

Inspekta akachukua kalamu. Hakumtazama mtu. "Vijana watahitaji hati ya kumchukua," akasema. "Naijaza sasa. Jina, Mukabalisa. Mke wa..." Akainua kichwa. "Niandike mke wa nani, bwana mkubwa? Watasoma, na wakubwa wao watasoma. Au niandike kwamba mke wako amekutwa akimtembelea mwanawe, na wao warudi zao?"

Bwana Clovis akaenda dirishani, akawapungia vijana mkono waondoke. Gari likazunguka uwanjani, likaacha maganda ya mua, likashuka kilima.

Inspekta akapiga goti kufungua fundo. Halikufunguka upesi; ndilo lile baya alilolifunga mara ya pili. Wasichana walikuwa wamejaa madirishani tena, wakatazama afande akihangaika kwa kucha na meno, suruali ya kijivu sakafuni. Alama nyekundu zikabaki kwenye vifundo vya mikono ya mama. Akataka kusema samahani, ikatoka kama kikohozi.

Kaliza alikuwa ameshika kibuyu. Alikunywa bila kufuta ukingo, baba yake akiwa bado amewapa mgongo dirishani. Kisha akavuta soksi zake chini, zote mbili, uzi wa katani ukaonekana, akatembea hadi dirishani na kumnyooshea baba yake kibuyu kwa mikono miwili, kama alivyolelewa.

"Pokea, baba. Kimebaki kidogo."

Bwana Clovis akanyoosha mkono. Mkono ukafika nusu ya njia, ukasimama. Akakitazama kibuyu, akamtazama mama aliyekileta, akarudi kukitazama kibuyu. Alikuwa anangoja.

Kila mtu mle ndani alijua anachongoja. Hata animatrisi aliona haya, akageuza uso. Kaliza alibaki amenyoosha mikono, na hakuna aliyemwonjea.